Ramani Niliyoichora kwa Herufi Themanini na Mbili

Nakiri tangu mwanzo kwamba kosa lilikuwa langu, langu peke yangu, wala si la shetani wala la simu wala la fundi aliyechapa kadi, na kama mumeshaisikia habari hii kwa mtu mwingine (na wengi Timbwani wameisikia, maana yasimuliwa hata na watu ambao siku hiyo hawakuwako), basi isikieni sasa kwa mwenyewe, kwa sababu washaitia chumvi wakafika kusema ati nilizirai, nami sikuzirai, nilikaa chini tu, tena nilikaa kwa adabu kwenye kiti cha plastiki nilichosogezewa na mama nisiyemjua.

Mimi ni Zuhura, mzaliwa wa Timbwani huku Likoni, ng'ambo ya feri, na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta katika ofisi moja ya mizigo kule Changamwe, kazi ambayo shangazi yangu, Bi Mwanahawa, hadi leo akiulizwa na watu husema tu, "Zuhura achapa," basi. Sasa sisi tunaoandika programu tuna mchezo wetu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi twakutana watu kama kumi hivi Kisauni, katika chumba kimoja juu ya duka la rangi, na mchezo wenyewe waitwa gofu, lakini hauna mpira wala nyasi: mwapewa kazi moja, nyote mwaandika programu ya kuifanya kazi hiyo, kisha herufi zahesabiwa moja moja, nukta na mabano na nafasi zote zimo, na mwenye programu fupi kuliko wenziwe ndiye mshindi, kama vile kwenye gofu ashindavyo mwenye mapigo machache. Zawadi hakuna. Kuna sifa, na kuna chai ya tangawizi ambayo mshindi humiminiwa wa kwanza (na msiidharau chai ya kumiminiwa wa kwanza, nimeona watu wazima na ndevu zao wakinuniana kwa ajili yake).

Mwezi ule kazi ilikuwa kuchora njia. Waipa programu maelekezo, J ni juu, C ni chini, L ni kulia, S ni kushoto (hatukuweza kutumia K kwa sababu kulia na kushoto zote mbili zaanza na K, na tulibishana juu ya hilo mpaka chai ikapoa), nayo yatakiwa ikuchoree njia hiyo kwa alama za maandishi tu, vistari vya kusimama na vistari vya kulala, mpaka uone kwenye kioo cha kompyuta kitu kama kichochoro kinachopinda. Ukiandika JJJLLJJ, waona njia yapanda, yakata kulia, kisha yapanda tena. Kuichora si kazi, kuifupisha ndiko kwenye kazi. Nilikaa nayo wiki nzima, nikiwa jikoni naifikiria, nikiwa kwenye foleni ya feri naifikiria, nikakata nafasi, nikakata majina, hesabu mbili nikazibana zikawa moja, nikafika herufi themanini na nane, na hapo nikagonga mwamba. Naye Kevo, kijana wa Nairobi aliyehamia huku kwa kazi, ambaye alikuwa amemiminiwa ile chai miezi mitatu mfululizo, alikuwa ametangaza kwamba yeye ana themanini na nne.

Ndipo nikakiona kile kipande. Kompyuta huandika kama tuandikavyo sisi, mstari wa juu kwanza kisha hushuka, kwa hiyo programu yangu ilipokuwa ikipiga hesabu ya njia inayopanda, picha ilikuwa ikitoka kichwa chini, mwanzo wa njia uko juu ya karatasi na mwisho uko chini, na ili isimame sawa nilikuwa nimetia kipande kidogo cha kuipindua mistari, wa mwisho uwe wa kwanza. Kipande hicho kilikuwa na herufi sita. Nikazisoma sheria za mwezi ule mara tatu, na hakuna mahali ziliposema kwamba picha ni lazima isimame wima. Nikakitoa. Themanini na mbili.

Jumamosi ilipofika Kevo aliitazama picha yangu kwa muda mrefu, kichwa amekilaza kama kuku aliyesikia mlio. "Lakini Zuhu," akasema, "hii njia yako imesimama na kichwa."

"Sheria haikusema isimame na miguu," nikamwambia.

Watu wakacheka, nikamiminiwa chai wa kwanza, na nawaambia kweli, chai ile ilikuwa tamu mpaka nikarudi Likoni sioni watu njiani.

Sasa mngedhani mambo yaliishia hapo, na yangeishia hapo kama si harusi ya Rukia. Rukia ni binamu yangu, binti wa Shangazi Mwanahawa, tumelelewa nyumba moja na tumelala mkeka mmoja tangu tukiwa wadogo, na alikuwa ameposwa na Salim wa Port Reitz, kijana mpole asiye na makuu, ambaye nyumbani kwetu alikuwa hajawahi kufika. Matata hayakuwa kwa Salim, yalikuwa kwa ami yake, Mzee Athmani, aliyemlea tangu babake alipofariki. Mzee huyu alikuwa dereva wa winchi bandarini maisha yake yote, ile mitambo mirefu ya kunyanyua makontena, naye alitaka Salim aoe huko huko kwa jamaa zao, akasema Likoni ni ng'ambo na mtu haoi ng'ambo kama kwao wako wasichana. Wazee wetu walikwenda mara mbili kuzungumza naye ndipo akakubali, lakini alikubali kwa ulimi, moyo alikuwa ameuacha Port Reitz, na shangazi alituweka kikao sote akatuonya kwamba siku hiyo wageni wale wasipate hata sababu ya kuinua unyusi.

Tena nyumba yetu haipatikani kirahisi. Ukiacha lami waingia ndani, wakata hapa, wakata pale, na ramani ya simu humpeleka mtu kwenye ukuta wa nyuma wa ghala moja na kumwambia amefika. Basi shangazi akasema, "Zuhura, wewe si wachapa? Tuchapie njia kwenye kadi, wageni wasitangetange."

Mtu mwenye akili zake angeandika: ukishuka kwenye lami ingia ndani, ukifika duka la vitambaa kata kulia, kisha uliza kwa Bi Mwanahawa. Maneno kumi na kitu, na hata mtoto mdogo wa chuoni angefika. Lakini mimi nilikuwa na programu ya herufi themanini na mbili iliyomshinda Kevo, na tangu niimalize sikuwa nimepata mtu hata mmoja nyumbani wa kumwonyesha akaelewa, basi nikaona Mungu ameniletea nafasi. Nikaandika njia ya kwetu kwa herufi, nikaipa programu, ikanichorea kitu kizuri wallahi, vistari vimepangika kama ususi wa mkeka, nikatia M penye mwanzo na N penye nyumba. M ikawa juu ya karatasi, N ikawa chini. Na hapa ndipo nataka munisikilize vizuri, kwa sababu kuna wanaosema sikuona. Niliona. Niliona kwamba picha iko kichwa chini, nikajua kwamba zile herufi sita zingeisimamisha, na nikazionea uchungu. Nikajiambia: si mtu ataigeuza tu karatasi?

Nikaipeleka kwa fundi wa kadi.

Shangazi alipoletewa kadi aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Maua haya mazuri," akasema.

"Si maua, shangazi, ni njia."

"Mbona haina majina? Haina duka, haina msikiti."

"Haihitaji majina, ukiifuata wafika."

Shangazi akanitazama, kisha akasema inshallah, ile inshallah ya mtu ambaye ana sufuria motoni na hana muda wa kubishana.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, nikaha ikapangwa baada ya alasiri pale pale nyumbani, chini ya turubai. Watu wa Salim walikuwa wakija na magari kwa ile barabara mpya ya Dongo Kundu, wayaache magari kwenye lami kisha waingie kwa miguu. Sheikh alishafika mapema, naye alikuwa na nikaha nyingine Kisauni baada ya magharibi, na nyote mwajua kutoka kwetu mpaka Kisauni mtu hapai, kuna feri na kuna foleni. Saa tisa na nusu Salim akanipigia simu. "Zuhura, tushafika kwenye lami, twaingia sasa. Ami asema simu zote zizimwe, ati twaingia kwa watu."

"Kadi munayo?"

"Ami anayo mkononi. Asema akishapewa ishara huifuata, haulizi mtu."

Nilifurahi, hebu fikirini, nilifurahi mpaka nikaenda kumwambia Rukia, aliyekuwa chumbani na hina yake na wanja wake, kwamba Mzee Athmani mwenyewe ndiye anayeishika ramani yangu.

Kutoka kwenye lami mpaka kwetu ni dakika kumi ukitembea na nyanya yako. Zikapita ishirini. Wanaume chini ya turubai wakamaliza habari za kuulizana wakaanza kutazama njia. Zikapita arubaini. Nampigia Salim, simu imezimwa. Sheikh akatazama saa mara moja, akatazama tena, akaomba maji ya kunywa kwa sauti ya mtu anayeaga. Pilau ilikuwa tayari, mahamri tayari, na wanawake jikoni wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, na nyumba ya harusi ikinyamaza, jamani, hakuna kitu kizito kama hicho. Kuna mmoja akanong'ona kwamba yule mzee amewageuza, wamerudi kwao. Rukia akasikia. Hakulia, alikaa tu anatazama viganja vyake vya hina, na mimi ningependa angelia.

"Zuhura," shangazi akaita.

"Abee, shangazi."

"Wageni wako wapi?"

"Wako njiani."

"Njia gani?"

Akanitia kadi mkononi. "Nenda ukaitafute hiyo njia."

Nikatoka na dera langu jipya na viatu vya kisigino mpaka kwenye lami, na kweli magari yao yalikuwa pale, manne, yameegeshwa kwa heshima, hamna mtu ndani. Nikasimama pale penye M kama mgeni, nikaigeuza karatasi kama nilivyosema watu wataigeuza, M ikawa miguuni pangu na N ikawa mbele, nikanyoosha kidole kuifuata. Mbele, mbele, mbele, kisha kata kushoto.

Kwetu ni kulia.

Nikaigeuza tena, nikaizungusha, ikabaki kushoto. Na mimi kazini kwangu kila siku nashika muhuri wa mpira, najua kabisa kwamba herufi za kwenye mpira zimekwenda kinyume, na uuzungushe muhuri utakavyo hazisomeki mpaka uzigonge kwenye karatasi, na bado sikuwahi kufikiri kwamba picha iliyopinduliwa mistari ni hivyo hivyo, ni picha ya kwenye kioo, kulia kwake ni kushoto kwako, na hakuna kugeuza karatasi kutakakoiponya.

Nikafanya kitu pekee kilichobaki, nikaifuata ramani yangu mwenyewe. Kushoto, nikapita wauza makaa. Kulia, nikapita kisima. Kulia tena, kisigino kikazama kwenye mchanga, nikavivua viatu nikavishika mkononi. Na kabla sijafika kona ya mwisho nikasikia kipaza sauti, sauti ya mzee wa bara, taratibu na kwa upole mwingi, ikisema: "Nekesa, mwanangu, usiogope. Angalia vizuri. Kijana wako yuko kati ya hawa?"

Hapa inabidi nisimame kidogo niwaambie yaliyokuwa yametokea, kama nilivyokuja kusimuliwa na Salim. Mahali ramani yangu ilipoishia palikuwa na nyumba ya Mzee Wafula, fundi mstaafu wa kiwandani, Mbukusu aliyekaa Likoni miaka mingi, na siku hiyo hiyo alikuwa amefunga turubai jeupe, amepanga viti, kuku wameiva, yuawangoja watu wanaokuja kumposa binti yake, Nekesa. Mchumba wa Nekesa afanya kazi Changamwe, na kwa kuwa ami zake wote wako mbali, alikuwa amesema atakuja na wazee wa jirani yake na watu wa kazini. Kwa hiyo Mzee Wafula alipoona wanaume ishirini wa kanzu na kofia wanaingia langoni kwa mpango, mzee mmoja mbele ameshika kadi, aliwapokea kwa mikono miwili. "Nyinyi ndio wageni wetu wa Changamwe?"

"Ndio sisi," akajibu Mzee Athmani, "twatoka Port Reitz, huko huko Changamwe."

Basi. Nani angeuliza tena? Wakakalishwa mbele, wakaletewa soda na njugu na chai ya maziwa, na Mzee Athmani (Salim aapa kwamba ndiyo mara ya kwanza alimwona ami yake akilainika) akamnong'oneza, "Watu hawa wana adabu, nilikuwa nimewakosea." Mzee Wafula akasimama akasema binti yao ni mwalimu, na Mzee Athmani, aliyekuwa akijua bibi harusi ni mshoni, akasema mashallah, kumbe na ualimu pia, mbona hamukutuambia. Salim alianza kuona mambo hayaendi sawa alipokosa kumwona mtu wetu hata mmoja, lakini wao walikuwa wameambiwa jamaa zetu ni wengi, na bwana harusi mwenye joho na kilemba hasimami kuuliza maswali. Kisha wale wenyeji wakafanya desturi yao, ya kumtoa binti mbele ya wageni aseme kama awajua. Nekesa akatoka na wenzake, akaangalia mstari wa kwanza, akaangalia wa pili, akamtazama Salim na joho lake kutoka kilembani mpaka miguuni, akasema kwenye kipaza sauti, "Baba, hayumo."

Hapo ndipo nilipofika langoni, viatu mkononi, mtandio umeteleza begani. Mzee Athmani alikuwa ameshasimama, ndevu zinamtetemeka. "Hatukuvuka kuja kuchezewa," alikuwa akisema. "Bibi harusi asimame mbele ya watu amkane mwanangu? Salim, nyanyuka. Twarudi kwetu."

Salim akajaribu kumwambia kwamba huyo si Rukia, hakusikilizwa, na wanaume ishirini wakanyanyuka. Nikamwona moyoni Rukia na viganja vyake vya hina, nikamwona sheikh yuavaa viatu, nikajua kwamba wakifika kwenye magari yale hakuna mzee wa kwetu atakayekwenda Port Reitz mara ya tatu. Nikaingia katikati ya watu.

"Shikamoo, mzee," nikasema, sauti imetoka nyembamba kama uzi. "Shikamooni nyote. Hawa wageni ni wetu."

"Na wewe ni nani?" akauliza Mzee Wafula, si kwa ubaya, na kwa ukarimu wake akanikabidhi kile kipaza sauti, kwa hiyo jibu langu lilisikika mpaka kwa wauza makaa.

"Mimi ndiye niliyechora ramani."

Mzee Athmani akanitazama, akatia mkono mfukoni mwa kanzu akatoa miwani, akaivaa bila haraka, akanionyesha kadi.

"Hapa pa kwanza, pamechorwa kulia au kushoto?"

"Kushoto, mzee wangu."

"Nami nilikwenda wapi?"

"Kushoto."

"Na hapa?"

"Kulia."

"Nami nilikwenda kulia. Miaka yote nimeendesha winchi, mtu chini anyoosha mkono, mimi juu nafuata mkono, sijaangusha kontena hata moja. Sasa kati yangu na wewe, aliyepotea ni nani?"

"Ni mimi, mzee wangu," nikasema kwenye kipaza sauti, na hapo mama mmoja akanisogezea kiti, nikakaa (hicho ndicho kile kiti, na huko ndiko kuzirai kwenyewe).

Wa kwanza kucheka alikuwa Nekesa. Alijaribu kuziba mdomo kwa leso, akashindwa, kicheko kikapita kwenye wenzake, kikafika kwa wale wanaume wa kanzu waliokuwa wamesimama nusu, na nikamwona Mzee Athmani yuaitazama kadi, yuaigeuza, yuaizungusha kama nilivyoizungusha mimi, mabega yakaanza kumtikisika. Akaketi tena akacheka mpaka akavua miwani. Na katikati ya kicheko hicho langoni wakatokea wanaume wengine wanane na mbuzi mmoja, mchumba wa Nekesa mbele na tai shingoni, wakasimama wakiangalia viti vyao vimekaliwa na watu wa kanzu wanaokunywa soda zao.

"Huyu ndiye yumo," akasema Nekesa.

Nikaueleza mkasa wote upya kwa wale wapya, na kwa kifupi nikasema kwamba sheikh yuko karibu kuondoka, na binamu yangu ameketi na hina yake hajui kama ana mume. Mama Nekesa akasimama akajifunga leso kiunoni. "Wageni waliokula kwangu," akasema, "sitawaacha wapotezwe mara ya pili. Twende tuwapeleke." Mzee Wafula akabaki na wakwe zake, wakamwelewa, na wanawake kama kumi wa nyumba ile wakatangulia.

Hivyo ndivyo msafara wa Salim ulivyoingia Timbwani kwa nyimbo za Kibukusu. Mbele Mama Nekesa anaongoza wimbo, nyuma yake wenzake wanaitikia, kisha wanaume ishirini wa kanzu wakipiga makofi wasijue waitikie nini, na mimi pembeni pekupeku. Nyumbani waliisikia ngoma ya sauti zile kabla ya kutuona, shangazi akatoka na mwiko mkononi, akawaangalia wale kina mama wasiojulikana, akamwangalia Mzee Athmani anayecheka, akaniangalia miguu. Akapiga kigelegele, na nyumba nzima iliyokuwa imenyamaza ikaripuka.

Sheikh alikuwa ameshafika kwenye kizingiti na kiatu kimoja mguuni. Akakivua. Khutba aliyoisoma ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kusikia, na mwisho wake Salim akasema nimekubali kwa haraka mpaka watu wakaguna, kama aliyeogopa kwamba akichelewa atatokea mtu mwingine kusema hayumo. Nilipoingia chumbani kumwambia Rukia kwamba yeye sasa ni mke wa mtu, na kumweleza walikokuwa, alinisikiliza macho makavu mpaka nilipofika kwa Nekesa na kipaza sauti, hapo akacheka mpaka wanja ukamchirizika mashavuni, ikabidi apambwe upya, na mpambaji mpaka leo haniamkui.

Wakati wa kula Mzee Athmani aliomba kusema maneno machache. Akasema alikuja na moyo mzito, na watu wa Likoni wamempokea mara mbili kwa siku moja, wa kwanza bila kumjua na wa pili bila kumlaumu, na kwamba mtu aliyekula katika nyumba mbili za ng'ambo hawezi tena kuiita ng'ambo. Kisha akasimulia mkasa wote kuanzia M mpaka N, kadi mkononi, na kila alipofika penye kona aliniita nisimame niseme ni kulia au kushoto. Nilisimama mara nne. Shangazi alipakua sinia mbili za pilau zikapelekwa kwa Mzee Wafula, na tangu siku ile watoto wa nyumba zile mbili hawaulizi tena njia ya kupita, na Nekesa alipoolewa sisi ndio tuliopika mahamri.

Kule Kisauni nilidhani habari haitafika, ikafika kabla yangu. Kevo aliniangalia tu, akasema, "Si nilikuambia imesimama na kichwa," na wenzangu wakaongeza sheria mpya, kwamba picha ya njia ni lazima mtu aweze kuitembea. Sikupinga.

Mchezo sijauacha, na sitauacha, naupenda mno. Lakini nimeapa kwamba kitu nilichokifupisha kwa ajili ya mchezo hakitatoka nje ya chumba kile kikapewa mtu mwenye safari. Neno moja la kumwambia mgeni "penye duka la vitambaa" halimpunguzii mtu kitu. Wiki iliyopita wenzangu wa ofisini walitaka kuja kututembelea, wakaniambia nisisumbuke, niwatumie tu maelekezo kwenye simu watafika wenyewe. Nikawaambia mkifika kwenye lami simameni hapo hapo, musiingie kulia wala kushoto, mimi mwenyewe naja kuwachukua.